Shira ya maua: moja imepasua chupa, moja imegeuka mawe, ya tatu haina harufu. Nakosea wapi?

Mpishi_Ngamiani (Tanga)

Wadau wa jikoni habarini, wakubwa shikamooni.

Nauza kaimati na juisi kibarazani kwetu hapa Ngamiani, jioni nikishatoka kazini. Kaimati sina wasiwasi nazo, wateja wananijua. Tatizo langu ni shira. Mwezi uliopita wifi yangu alikuja kutoka Unguja na kichupa cha shira ya asumini. Akatia vijiko viwili kwenye glasi ya maziwa baridi, akanipa. Jamani. Nilipiga funda moja tu nikajiona niko kwenye hina ya dada yangu, kila mwanamke na kikuba chake cha maua ya asumini. Nikatupa jicho uani: mwasumini wangu unamwaga maua kila asubuhi, na mimi nayafagia pamoja na majani ya muembe natupa jalalani. Nikasema hii haiwezekani.

Nimejaribu mara tatu, na kila mara nimeharibikiwa kivyake.

Ya kwanza, choya (rosella). Nilichemsha konzi mbili za choya kavu kwenye maji lita moja na sukari nusu kilo, sufuria yangu ya kila siku, hii ya alumini. Rangi ilitoka ya kuungua kidogo, kama damu iliyokauka, na kwa mbali kulikuwa na ladha ya chuma. Nikatia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kuzungusha, nikaiweka kabatini pamoja na unga. Siku ya sita, saa nane usiku, paa! Mume wangu akashika panga akidhani dirisha la jikoni limevunjwa. Asubuhi naokota vioo ndani ya unga wa ngano kilo tano, wote umekwenda. Mama mkwe aliinusa ile iliyobaki kwenye kitako cha chupa akasema, "Hii imeshavuka mpaka, mwaga."

Ya pili, waridi. Mdogo wangu alipata shada zuri siku ya mahafali yake, nikachambua maua manane. Sukari kilo moja, maji glasi mbili, nikachemsha karibu saa zima ili ishike. Kesho yake mwiko umesimama wima wenyewe bila kushikwa. Chini mawe ya sukari, juu kimaji cha rangi ya chai iliyolala, na harufu ya mchicha.

Ya tatu ndiyo iliyoniumiza, asumini yenyewe. Maua yaleyale ya asubuhi, nikayaosha vizuri, nikayachemsha na sukari dakika ishirini. Harufu ilijaa nyumba nzima mpaka jirani akauliza kuna nini. Nilipoonja, utamu tu na uchungu kwa nyuma. Harufu hakuna hata ya dawa.

Naomba mwenye ujuzi anisaidie. Nataka ya kutia kwenye maziwa na juisi, na pia ya kumiminia kaimati. Nina jiko la gesi, mizani ndogo ya jikoni, na friji inayojitahidi.

Kijana_wa_Makorora

Ile ya kabatini ungenipigia simu kabla hujamwaga dada.

JikoLangu_Moro

Choya ukali wake unapunguzwa na magadi kidogo tu kwenye ncha ya kijiko. Sisi tunafanya hivyo kwenye maharage na haina shida. Na shira isigande, ichemshe zaidi, hiyo haikuiva.

Bi_Mkunazini (Unguja)

Marahaba mwanangu wa Tanga. Nimecheka hapo pa panga, unisamehe, lakini unga kilo tano si wa kuchekea.

Kwanza JikoLangu, kwa heshima zote, usimpoteze mtoto wa watu. Shira iliyoganda haikukosa kuiva, imepindukia. Na magadi kwenye choya atakuja kukujibu mwenye shamba, mie nakuambia tu nimeona ile rangi ikigeuka na sikutamani kuinywa.

Sasa tukae. Mwanangu, chupa iliyopasuka na mwiko uliosimama ni ugonjwa mmoja. Shira ni hesabu ya maji. Maji ya joto la chumbani yanaweza kubeba sukari kama kilo mbili kwa lita. Wewe ulianza na kilo nzima kwenye glasi mbili za maji, ukachemsha saa zima, maji yakatoka kwa mvuke, sukari ikabaki haina pa kukaa. Ilipopoa ikarudi kuwa sukari. Kwenye choya ukafanya kinyume chake: nusu kilo kwa lita. Hiyo si shira, hiyo ni juisi tamu, na hamira iliyomo hewani inaipenda sana. Ikaingia, ikala sukari, ikatoa gesi, na wewe umeifungia mlango. Sukari ikiwa nyingi ya kutosha, hao wadudu hawapati maji ya kutumia, wanakaa kimya. Kwa hiyo tafuta katikati. Mie natumia kilo moja ya sukari kwa maji mililita mia sita, mpaka mia sita na hamsini. Pima kwa mizani yako, acha glasi, maana glasi ya Tanga na glasi ya kwangu si ndugu.

Na ndimu. Nusu ndimu kwa kilo ya sukari, uikamue mwanzoni kabisa shira inapoanza kuchemka, si mwishoni. Watu wanadhani ni ya ladha. Ile tindikali pamoja na moto huvunja sehemu ya sukari ikawa glukosi na fruktosi, na hizo zikichanganyika na sukari ya kawaida huizuia isishikane ikafanya chenga. Sukari ikishayeyuka usikoroge tena ovyo, na zile punje zilizoganda ukingoni mwa sufuria zifute kwa kitambaa chenye maji. Punje moja ikidondoka ndani huwaita wenzake wote.

Hayo ni ya sukari. Ya maua ni mambo mengine. Umesema mwenyewe harufu ilijaa nyumba mpaka jirani akaja. Basi jirani ndiye aliyekula asumini yako! Harufu ya asumini ni mafuta mepesi kupita kiasi, yakiona moto yanaruka. Choya ni mtu wa moto, mchemshe. Waridi na asumini hawapikwi. Unapika shira peke yake, unaitoa motoni, halafu ndiyo unawaalika.

Asumini yangu naifanya hivi. Kwanza wakati wa kuchuma. Maua unayofagia asubuhi yameshamaliza kazi, usiku kucha yametoa harufu kwa wadudu wa usiku. Asumini hufunguka usiku. Wauza vikuba hapa huchuma jioni, magharibi inapokaribia, matumba yakiwa meupe yamevimba lakini hayajapasuka. Chuma wakati huo. Ukilishika tumba bichi bado lina ubaridi kama sikio la mtoto, na harufu yake bado iko ndani. Usiyaoshe kwa maji ya bomba, yakung'ute tu kwenye sinia jeupe uwaone sisimizi wakikimbia. Halafu kaa kitako na redio yako utoe kile kikonyo cha kijani kimoja kimoja. Uchungu ulioonja ulitoka hapo, hapo na kwenye kule kuchemsha. Kazi ya nusu saa kwa konzi mbili.

Shira yako ya kilo moja ichemke dakika tatu tu baada ya sukari kuyeyuka, toa. Isubiri mpaka utie kidole na kidole kivumilie. Hapo mimina kwenye bakuli la kioo, tia matumba konzi mbili zilizojaa, yazamishe kwa sahani ndogo yasielee, finika kwa kitambaa na kifuniko juu yake. Lala. Usiku kucha harufu itatoka humo humo ndani ya shira, haina pa kwenda. Alfajiri chuja kwa melimeli. Usikamue! Ukikamua unatoa ujani.

Usiku wa kwanza utaona kama nimekudanganya, itanukia kwa mbali. Jioni yake chuma mengine, rudia na shira ileile. Usiku wa pili ndiyo shira. Wapo wanaokwenda mpaka wa tatu, mie naona inakuwa kama kunywa marashi.

Hii kwa sababu haikupita motoni baada ya maua, haikai kabatini hata siku moja. Friji, chupa ndogo, wiki mbili. Bi mmoja hapa mtaani anaimimina kwenye vibati vya barafu. Haigandi ikawa jiwe, sukari ni nyingi, inakuwa laini kama jeli, unachota kijiko unatia kwenye maziwa.

Kaimati nitarudi, naitwa.

Mkulima_Kongwa (Dodoma)

Habari zenu. Nimeitwa kwa jina la "mwenye shamba" kwa hiyo nimefika.

Dada wa Tanga, choya si ua. Namaanisha kile chekundu unachonunua. Ua la choya ni la rangi ya maziwa yenye unjano, katikati lina doa jekundu jeusi, linachanua asubuhi na ndani ya siku hiyohiyo limesinyaa. Tunachovuna ni kile kikombe kinachobaki, kinanenepa kuzunguka kibumba cha mbegu. Mvua zikishakata, ndiyo watoto na wamama wanakaa chini ya mti na vyuma vidogo vya bomba vilivyochongwa makali, wanasukuma kibumba kitoke, kikombe kibaki kizima. Vidole vinakuwa vyekundu wiki nzima. Nalisema hili kwa sababu ukinunua choya angalia: ikiwa na vibumba vya mbegu ndani, unalipia uzito wa takataka. Na ikiwa imepauka kuwa kahawia, ilianikwa juani siku nyingi au ya mwaka juzi.

Sufuria ndiyo iliyokupa ladha ya chuma. Choya ni kali kama ndimu, inakula alumini. Tumia stenlesi, au zile sufuria nyeupe za enameli kama haijabanduka. Kama huna, chemsha maji kwenye hiyo ya alumini kisha yamimine juu ya choya ndani ya chombo cha kioo au bakuli la kauri. Hata bakuli la plastiki gumu la chakula linafaa.

Vipimo vyangu: choya kavu gramu hamsini, maji yanayochemka lita moja. Funika nusu saa. Chuja. Utapata kama mililita mia nane, nyingine imenyonywa. Hapo tia sukari kilo moja na robo, rudisha motoni mpaka iyeyuke na ichemke dakika mbili, basi. Haihitaji ndimu, tindikali anayo mwenyewe. Imimine ikiwa bado inatoka mvuke kwenye chupa za kioo ulizozichemsha dakika kumi na bado ni za moto (chupa baridi itapasuka mchana kweupe), funga, ilaze chupa ubavu dakika mbili ili kifuniko nacho kipate moto. Ikishafunguliwa iende friji. Sehemu moja ya shira kwa sehemu tano za maji baridi, ndiyo juisi.

Kuhusu magadi: jaribu kwenye kijiko kimoja, usipoteze sufuria. Ule wekundu ni rangi inayofuata tindikali. Tindikali ikipungua inakwenda zambarau, ukizidisha magadi inakwenda bluu ya kijivu kama maji ya kufulia jinzi. Ukali ukikusumbua ongeza maji na sukari au punguza choya.

Jambo moja la mwisho kwa sababu unauza. Choya inashusha presha kidogo. Mteja anayetumia dawa za presha mwambie aulize kwa daktari wake kabla hajaifanya ya kila siku. Kwetu tunawaambia wajawazito nao waipite kwanza.

JikoLangu_Moro

Nimejaribu kwenye kijiko. Kijivu kweli. Naondoka na magadi yangu.

Nyumba_ya_Bluu

Samahani naingilia. Mimi nina waridi la jangwani kwenye chungu, lina maua mengi ya pinki sasa hivi. Na lile la njano linalopanda ukuta. Yanafaa kwa njia hii ya Bi Mkunazini?

Bi_Mkunazini

HAYAFAI. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Waridi la jangwani ni waridi kwa jina tu. Utomvu wake watu walikuwa wanapaka kwenye mishale. Hilo la njano la ukutani nalo likatwe uone utomvu wake, halafu uamue kama unataka kunywa. Na maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, hayo hata kuyanusa karibu sipendi. Ua ambalo hujaona mkubwa wako akilila, usilile. Kwetu linaloingia kinywani ni asumini, waridi lenyewe la harufu, na choya. Hata langilangi, na harufu yake yote ile, mie naivaa, siili.

Msafiri_Maskati

Asalaam alaikum. Naongeza la waridi kwa kuwa naona limebaki.

Dada, lile shada la mahafali lisiguse tena mdomo. Maua ya dukani yamelimwa yapendeze kwenye chombo siku kumi, siyo yaliwe. Yanapigwa dawa za wadudu na ukungu, na hakuna anayehesabu siku za kusubiri kama kwenye nyanya. Halafu mengi hayana harufu. Mkulima alichagua ua linalokaa sana na shina refu, harufu ikaachwa njiani. Kwa hiyo hata ungefuata kila hatua usingepata kitu zaidi ya mchicha wako.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nyumba yetu iko huku Oman tangu nikiwa mdogo. Kila mwaka kati ya mwishoni mwa Machi na Mei tunapanda Jabal Akhdar, juu kule kama mita elfu mbili, ambako wanalima waridi la pinki kwa ajili ya maji yake tu. Si zuri la kumpa mtu. Dogo, limejikunja, petali nyingi laini, miiba imejaa. Lakini wachumaji wanaingia shambani alfajiri na wanatoka jua linapoanza kuchoma, kwa sababu jua likishapanda harufu imeshaondoka. Ni habari ileile ya matumba ya asumini, ila saa imegeuzwa. Mzee aliyetuonyesha jiko lake alikuwa na tanuri la udongo jeusi kwa masizi, chungu kimeketi ndani, petali zimejazwa, juu chombo cha maji baridi ili mvuke ukigusa utone. Maji yanayotoka yana rangi kama ya chai nyepesi na harufu ya moshi chini ya waridi. Ndiyo yanayotiwa kwenye halwa, mwishoni, halwa ikiwa karibu kuteremshwa. Hakuna fundi wa halwa anayeyatia mwanzo.

Kama una waridi la kienyeji la harufu uani ambalo hujalipiga dawa: petali gramu mia, kata kile kipande cheupe cha chini kwa mkasi, ndicho kichungu. Zifikiche kwa mikono na sukari gramu mia mbili na maji ya ndimu moja mpaka zilie, zigeuke kama kitambaa kilicholowa. Ndimu itaamsha wekundu, utaona kwa macho yako. Finika usiku kucha. Asubuhi mimina juu yake shira ya Bi Mkunazini ikiwa vuguvugu, acha saa mbili, chuja. Kama huna waridi la namna hiyo, usijitese. Pika shira nyeupe, ikipoa tia vijiko viwili vya maji ya waridi ya kula na matone ya choya kwa rangi. Soma chupa. Yale ya mrashi wa harusini mengine ni manukato ya kujipaka tu.

Bi_Mkunazini

Ahsante Msafiri, umenipunguzia kazi, na umenitamanisha halwa usiku huu.

Nimerudi kwa kaimati. Mwanangu hili ndilo wanalolikosa wengi: shira ya kinywaji na shira ya kaimati si shira moja. Hii tuliyoipima hapa ni nyepesi. Ukiimiminia kaimati zitainywa, zitalegea, na baada ya nusu saa mteja anashika sponji. Kaimati inataka shira ya uzi, ya kuivisha koti.

Basi pika sukari nusu kilo na maji robo lita na ndimu kidogo, acha ichemke taratibu. Chota tone kwa mwiko, lipoe, libane kati ya gumba na shahada, halafu tenganisha. Ikikatika hapohapo bado. Ikivuta uzi mwembamba usiokatika upesi, zima. Usisubiri nyuzi mbili. Hapo hapo, moto umezimwa, tia vijiko vitatu vya ile shira yako ya asumini, zungusha sufuria mara moja, na mimina kaimati zote ndani zikiwa za moto. Zirushe kwa mkono mmoja kama unavyopepeta mchele mpaka ng'aring'ari. Koti litakauka, ndani itabaki laini, na mtu akiuma ndiyo harufu inapanda puani. Iliki usitie siku hiyo. Iliki ni mwanamke mwenye sauti kubwa, asumini haitasikika.

Mama_Wawili_Kisauni

Nanyi mnasahau faluda! Huku kwetu Mombasa shira ya waridi bila glasi ya faluda, maziwa, tambi na zile mbegu zinazovimba, ni ya nini sasa?

Bi_Mkunazini

Shoga kwetu faluda inakatwa kwa kisu, haina glasi. Tusianze.

Mpishi_Ngamiani (Tanga)

Shikamoo Bi Mkunazini, na wote ahsanteni sana. Narudi baada ya siku kumi na mbili nikiwa na majibu.

Choya: nimeazima sufuria ya stenlesi ya mama mkwe, vipimo vya Mkulima Kongwa bila kubadili hata gramu. Rangi ni ile ya rubi, nikiinua chupa dirishani ukuta wa pili unakuwa mwekundu. Chupa nne zimekaa kabatini siku kumi. Mume wangu kila akipita anazigusa kama zina joto. Zimetulia. Ya tano tumeifungua, jana nimeuza glasi kumi na nane.

Waridi: sina la harufu, nimeacha. Nilipata maji ya waridi ya kula, nikatia na choya matone sita. Nzuri kwenye mtindi, watoto wamemaliza.

Asumini. Jioni ya kwanza nilichuma na binti yangu wa miaka saba, yeye anahesabu mimi natoa vikonyo. Tulifika mia moja na arobaini akalala mkekani. Asubuhi nikanusa: kama ulivyosema, kwa mbali, nikakasirika kidogo nisikufiche. Nilipofunua kitambaa nilikuta matumba yamelegea ndani ya shira, yamekuwa kama ya kioo, unaona mpaka mishipa. Nikarudia. Usiku wa pili friji ilikatika umeme, nikaogopa, lakini asubuhi nilipochuja nikaita wifi yangu kwa simu, sikuweza kumnusisha ila nilitamani. Uchungu hakuna kabisa.

Kaimati za Ijumaa nilizivisha kama ulivyoelekeza. Sikumwambia mteja yeyote. Mzee mmoja wa msikitini, huyo hununua sita kila siku na hasemi kitu, aliuma ya kwanza, akasimama. Akaniuliza kuna harusi ndani?

Nina swali moja tu limebaki. Shira ya uzi iliyobaki chini ya sufuria nimeona inaganda nyeupe ikipoa. Naitupa au?

Bi_Mkunazini

Marahaba mwanangu, umenifurahisha. Huyo mzee mwongezee moja.

Usitupe. Tia vijiko viwili vya maji, rudisha moto mdogo mpaka iwe maji kabisa pasibaki punje, itatumika tena kesho. Ila harufu itakuwa imekwenda, kwa hiyo asumini uitie upya ukishazima. Na hiyo friji ikikatika tena usiku, usiifungue mpaka umeme urudi.

Kijana_wa_Makorora

Dada, kibaraza kiko mtaa gani?